Povu la Nyumba ya Mkwe

Sogeeni, jamani, hasa nyinyi wa mpakani mnaovuka asubuhi na kurudi jioni, maana jambo hili limetokea kwetu na kwa watu tunaowajua. Sitaongeza chumvi. Lilivyo linatosha kutia aibu.

Nyumba ya Mama Taaka iko Lumino, upande wa Uganda, kando ya barabara inayoteremka ziwani Majanji. Mjane huyu alikuwa akinunua samaki wabichi mwaloni, anawabanika kwenye tanuru la udongo nyuma ya nyumba, na wateja walimfuata hata kutoka Busia mjini. Siku za Jumapili ungemkuta anageuza samaki wake huku anaimba nyimbo za kanisa kwa sauti nzito, kuku wanazunguka miguuni, jirani anapita anaitikia. Kifua alikuwa nacho yule mama! Moshi ulikuwa haumfanyi lolote.

Binti yake, Zubaida, jina alilopewa aliposilimu, aliolewa Busia na fundi mmoja aitwaye Muzamiru. Muzamiru ni mtoto wa Kiislamu wa mjini, babu yake alikuja na malori akaoa akakaa, wala ukimuuliza kabila hakupi jibu la haraka. Lakini alipooa Lumino aliushika mwiko wa Wasamia, watu wa mke wake, kuliko Wasamia wenyewe. Kwa Wasamia mama mkwe haguswi. Humshiki mkono, humkazii macho, humwamrishi, na chumbani kwake huingii hata paa likianguka. Kila walipokwenda kumtembelea, Zubaida alikaa jikoni na mama yake, na Muzamiru alikaa barazani ameupa mlango mgongo.

"Mulembe, mukwe," mama angemsalimu kutoka ndani.

"Mulembe, mama," angejibu akitazama barabarani.

Watu wakamsifu, wakasema huyu ndiye mkwe. Naye alipenda kusifiwa, tusimfiche.

Sasa Jumapili moja jua lilikuwa kali, mabati yanalia yenyewe. Mama Taaka akatoka na kitambaa anajipangusa, akasema kama anayesema na kuku, "Nyumba hii mchana ni tanuru langu la pili. Na mvua ikinyesha, mtu hasikii hata redio." Muzamiru akasikia. Moyo ukamruka, maana hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake.

Wengi wenu mmeshaiona kazi hii kwenye maghala na vyumba vya baridi. Kuna mapipa mawili ya dawa, na kila moja lina mpira wake. Mashine inazipasha moto na kuzisukuma, zinakutana kwenye bunduki, fundi anapuliza chini ya mabati, na papo hapo povu linaumuka kama unga wa maandazi. Likishakauka, joto haliingii na kelele za mvua zinafifia. Kazi nzuri sana. Lakini dawa zile, kabla hazijakauka, ni sumu ya kifua. Zikichanganyika vibaya, moja ikazidi nyingine, povu halikauki sawasawa na hewa yake hutoka siku nyingi. Ndiyo maana panatakiwa mtu mwenye leseni, si kila mwenye mikono.

Muzamiru alikuwa na mikono. Leseni hakuwa nayo.

Kazi aliionja kwa Osborn, fundi wa Busia ya Kenya mwenye leseni halali, ambaye Muzamiru alimshikia mipira muda mrefu. Osborn mwenyewe ndiye aliyemsukuma akajiandikishe Tororo kwa mwalimu mmoja aitwaye Ofumbi, mafunzoni, kisha afanye mtihani, mashine yake ikaguliwe, ndipo apewe karatasi. Muzamiru akaenda. Akakaa juma la kwanza, akamsikia mwalimu akisema mambo ya dawa na barakoa za hewa, kisha mtu wa Malaba akampigia simu kwamba kuna ghala la kupuliza. Akaomba ruhusa ya siku moja. Hakurudi tena.

Akapata mashine iliyotumika, upande mmoja wa pampu umechoka kidogo. Na leseni? Akachukua picha ya leseni ya Osborn kwenye simu, akaichapisha, akaitia plastiki. Osborn hakukataa wala hakukubali, maana hakuambiwa.

Msishangae sana, nyinyi. Huku kwetu sukari yako inavuka kwa baiskeli ya mwenzako, na akiulizwa anasema ni yake, nawe unatembea nyuma unapiga mluzi. Matenga ya nyanya yanavuka kwa jina la shangazi. Tumezoea hivyo toka utotoni, hata hatuoni kama ni uongo. Muzamiru naye akaona leseni ni mzigo kama mizigo mingine, itavuka tu kwa jina la mtu. Alisahau kwamba nyanya hazihitaji kujua kitu kichwani.

Basi akaamua kumpa mama mkwe zawadi. Akapakia mashine, akamchukua msaidizi wake Swabur, mtu mzima mwenye nguvu ambaye kazi yake ilikuwa kuvuta mipira tu, wakaenda Lumino. Zubaida alibaki Busia dukani. Mama Taaka alipoambiwa nyumba itapozwa bure, alipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka. Akawaonyesha karatasi ya plastiki ambayo Muzamiru aliibandika mlangoni. "Mukwe wangu ana karatasi za serikali!" Muzamiru akainamisha kichwa. Watu wakadhani ni heshima.

Sebule ilikwenda vizuri, Muzamiru akapuliza mwenyewe, povu likakaa jeupe na kavu. Kisha wakafika mlango wa chumba cha mama. Muzamiru akasimama pale kama aliyepigwa msumari.

"Bosi, ndani hatuingii?" Swabur akauliza.

"Ingia wewe. Mimi siingii."

"Mimi? Bosi, mimi sijashika bunduki peke yangu hata siku moja."

"Umeniona mara ngapi? Puliza kama ninavyopuliza. Hicho ni chumba cha mama mkwe wangu."

Hebu nisimame kidogo hapa. Huyu hakuwa mvivu, na mbaya hakuwa. Angeweza kuacha chumba hicho. Angeweza kumpigia Osborn simu aje apulize, maana Osborn si mkwe wa mtu Lumino. Lakini angemwambiaje, wakati jina la Osborn lilikuwa limebandikwa mlangoni?

Swabur akaingia. Baada ya muda akapiga kelele kutoka ndani, "Bosi! Povu iko nanata! Nagusa, inashika mkono! Kuja ona!"

Muzamiru akiwa ukumbini, macho sakafuni, akajibu, "Litakauka kesho."

"Mpira moja naona inasukuma kidogo-kidogo."

"Maliza, Swabur. Tutoke."

Wakamaliza, wakakunja mipira. Na sasa ikabaki jambo moja, na hili Muzamiru alilijua, maana mwalimu Ofumbi alilisema juma lile lile la kwanza, akalirudia mpaka darasa likacheka: nyumba ikipulizwa, watu wanatoka. Hakuna anayelala humo mpaka povu limekauka, fundi mwenye leseni amekagua kila chumba, na nyumba imepigwa na hewa.

Akatoka nje ili aseme. Mama Taaka alikuwa amemwekea sahani ya samaki na kalo, ugali wa ulezi, kwenye kigoda, yeye mwenyewe amesimama mbali kwa adabu, amefurahi hata machozi yanamlenga. Muzamiru akafungua mdomo. Sasa mkwe anamwambiaje mama mkwe, toka nyumbani kwako ukalale kwa watu? Siku aliyomletea zawadi? Mbele ya majirani?

"Mama," akasema akitazama tanuru, "madirisha... ukiweza, yaache wazi kidogo."

"Na mbu, mukwe?"

"Kidogo tu, mama."

Akala haraka haraka, akaondoka. Mama Taaka, mbu walipoanza, akafunga madirisha kama kawaida yake, akalala chini ya povu bichi.

Povu lililoharibika hutoa harufu kama ya samaki. Nyumba nyingine yoyote, mtu angeinua pua aseme kuna nini humu. Lakini Lumino, kwa mbanika samaki, nani angeishangaa? Mama Taaka alinusa, akasema tenga lile la jana halikuoshwa. Akaosha matenga yote. Harufu ikabaki pale pale.

Kifua kikaanza kumbana. Macho yakawa mekundu. Akawa akitoka nje anapata nafuu, akiingia kulala anakohoa mpaka anakaa kitako. Zubaida alipompigia simu akasikia pumzi inapiga filimbi, alifunga duka akamfuata, na Muzamiru akawapeleka hospitali Tororo. Njia nzima alijua. Nataka mlielewe vizuri hilo. Kila mama alipokohoa, yeye alijua.

Nesi Akurut, Mwiteso mmoja mpole, akamwekea mama hewa puani, kisha akawageukia. "Nyumbani kuna kitu kipya? Rangi? Dawa ya wadudu? Wamepuliza kitu chochote?"

Zubaida akamtazama mumewe, maana kazi za kupuliza anazijua yeye. "Baba Sumayah, lile povu linaweza kuleta hivi?"

Muzamiru akapiga hesabu. Akisema ndiyo, ataulizwa nani alipuliza. Kisha ataulizwa leseni. Kisha Osborn, kisha wazee wa Lumino, kisha wale wote waliomsifu.

"Povu lilikauka," akasema. "Nadhani ni moshi wa samaki."

Mama Taaka, mwenye barakoa ya hewa usoni, akatikisa kichwa kumuunga mkono mkwe wake. Moshi! Moshi aliokaa nao maisha yake yote ukasingiziwa, naye akakubali ili mkwe asiaibike. Akurut akaandika ni moshi. Wakampa dawa ya kuvuta, akapata nafuu, wakamruhusu arudi nyumbani akapumzike. Akapumzike wapi? Chumbani kwake, chini ya lile lile.

Muzamiru aliendesha gari kumrudisha. Alimshusha mlangoni. Akaona dirisha la chumba limefungwa. Akageuza gari akaenda Busia, ambako Zubaida alikuwa ametangulia kufungua duka. Ningekuwa na fimbo siku hiyo, ningemchapa, nawaambia kweli.

Asubuhi ya pili yake, ndugu wa mama, Mzee Egessa, alimkuta dada yake kizingitini, midomo imebadilika rangi, mkono umeshika fremu ya mlango. Alikuwa akijaribu kutoka. Akapiga simu Busia, Muzamiru akaja na gari pamoja na Zubaida na Swabur, wakambeba tena Tororo, safari hii hakuweza hata kusema jina la binti yake. Akurut na daktari wakafanya kazi bila kuzungumza na mtu. Zubaida alikaa chini sakafuni ukumbini, kitambaa kimeanguka kichwani hakukiokota.

Akurut akatoka. "Huyu mama alikuwa amepona akiwa hapa. Amerudi nyumbani ameanguka. Moshi si wa leo. Nyumba ina kitu. Ninataka kujua ni dawa gani, maana daktari anatibu gizani. Nani alifanya kazi mle ndani?"

Mzee Egessa akasema, "Mkwe wetu. Na mlangoni kuna karatasi ya serikali, nimeipiga picha." Akampa Zubaida simu. Zubaida akasoma jina, akashangaa. "Hii ni ya Osborn. Baba Sumayah, Osborn alikuja? Basi tumpigie yeye atuambie dawa." Na kabla Muzamiru hajanyanyua mkono, simu ikawa inaita, sauti imefunguliwa ili nesi naye asikie.

"Osborn, shemeji, mama yangu anakufa," Zubaida akasema. "Tuambie mliweka dawa gani kule Lumino."

"Lumino?" sauti ya Osborn ikajaa ukumbi. "Shemeji, mimi Lumino sijawahi kufanya kazi. Nani amesema ni mimi?"

"Leseni yako iko mlangoni."

Osborn akapaza sauti, "Muza yuko hapo? Muza, unanisikia? Ulipuliza bila leseni? Hao watu ulitoa kwa nyumba? Uli-check kila room? Niambie ulitoa hao watu, buda, tafadhali."

Watu wote wakamgeukia: wazee wa Lumino, wagonjwa kwenye benchi, Swabur aliyekuwa amebeba mama mgongoni tangu kwenye gari. Muzamiru alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Sikuwatoa," akasema.

Zubaida akainuka polepole. "Ulijua wanatakiwa kutoka?"

"Nilijua."

"Juzi nesi alipouliza hapa, ulijua?"

Muzamiru akaitikia kwa kichwa. Zubaida hakumtukana, wala hakulia. Alimwangalia tu kama mtu anayemwona mgeni kavaa nguo za mume wake, kisha akaenda kukaa upande wa wajomba zake.

Osborn, ambaye kazi ni ile ile na dawa ni zile zile, ndiye aliyewatajia dawa, jina kwa jina, polepole, Akurut akiandika. Daktari akabadilisha matibabu. Mchana Mama Taaka akafungua macho. Alhamdulillahi, hakufa. Lakini kifua kile cha nyimbo hakikurudi. Mpaka leo akisikia harufu kali, rangi, mafuta ya taa, hata moshi wa kuni, pumzi inakatika. Tanuru la samaki limezimwa. Wateja wamekwenda kwa wengine. Yeye anakaa kwa kaka yake, kwenye nyumba ya nyasi, na ile yake imeezuliwa mabati yote kwa sababu povu la chumbani halikubanduka. Osborn alisimamishwa kazi mpaka ofisi ya leseni iridhike kwamba jina lake liliibwa. Aliyeliiba, Muzamiru, alikwenda mwenyewe kukiri mbele ya ofisi hiyo, maneno yanamtoka moja moja. Mashine ikachukuliwa, na kesi yake haijaisha.

Kisha wazee wa Lumino wakaita kikao. Muzamiru alikaa mkekani, kichwa magotini. Mzee Egessa akasema mengi, wengine wakasema zaidi, na yote alistahili. Alipopewa nafasi akasema kwamba alishindwa kumwambia mama atoke kwa sababu ya heshima, kwamba mila ya mkwe ndiyo iliyomfunga mdomo.

Hapo Mama Taaka, aliyekuwa amekaa nyuma ya wanawake, akaomba ainuliwe. Wakamshika huku na huku. Akatembea mpaka mbele ya mkwe wake, jambo ambalo mwanamke wa Kisamia hafanyi, akasimama akamtazama usoni. Ilibidi avute pumzi kati ya maneno.

"Mukwe. Mimi nimelala nje matanga mangapi? Nimelala kwa jirani mafuriko yalipokuja. Nimelala chini, hospitali, nikimuuguza mume wangu." Akapumzika. "Ungeniambia, mama, toka, nyumba ina sumu. Ningechukua mkeka nikatoka, na ningekusifu. Hukuniheshimu mimi. Ulikuwa unajiheshimu mwenyewe."

Muzamiru akalia mbele za watu wote, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Zubaida alikuwepo. Alimshika mama yake mkono akamrudisha kukaa, na jioni ile hakupanda gari la Busia.

FUNZO

Wapendwa, leseni ya mpuliza povu si urembo wa mlangoni. Ina maana kwamba mtu huyu amefundishwa dawa zinaua vipi, mashine yake imekaguliwa, na ana wajibu wa kuingia kila chumba na kumtoa kila mtu, awe tajiri, awe mzee, awe mama mkwe wake. Mwenye leseni hasemi kwa kinywa chake, sheria ndiyo inayosema, kwa hiyo haoni haya. Muzamiru alikosa leseni, na kwa kuikosa akakosa pia mdomo wa kusema "tokeni". Na kama kuna chumba huwezi kuingia kwa sababu ya mila yako, mila ni yako, ishike, ila kazi hiyo mpe mwenzako anayeweza kuingia.

Nanyi wenye nyumba, karatasi ikibandikwa, isomeni. Muulizeni fundi: jina hili ni lako? Picha hii ni yako? Tulale wapi mpaka likauke? Akikasirika, mfukuzeni na mashine yake.

Na nesi akikuuliza kilichopulizwa nyumbani, sema. Aibu utakayoipata hapo ni ya siku chache. Mama Taaka haimbi tena, na hiyo haina siku ya kwisha.